Kusoma Giza: Lenzi, Kipimo cha Mwanga na Maana katika Filamu za Usiku

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Katika sinema, kauli hii haina budi kupindwa kidogo, kwa sababu mtazamaji wa filamu ni mtu mwenye macho ambaye ameambiwa tazama, na akaelekezwa pia atazame wapi, aone nini na asione nini. Anayemwelekeza hatumii maneno. Hutumia lenzi aliyoichagua, upana wa tundu la lenzi hiyo, muda ambao mwanga umeruhusiwa kukaa juu ya kihisi cha kamera, na kiwango ambacho ishara ya kihisi hicho imekuzwa. Maamuzi hayo manne hufanywa katika kila picha. Lakini ni katika mandhari ya usiku, ambapo mwanga ni haba, ndipo kila uamuzi huacha gharama inayoonekana waziwazi kwenye kiwambo.

Uhakiki wa filamu unaofanywa katika idara za fasihi umerithi zana zake kutoka uhakiki wa riwaya na tamthilia. Tunachambua msuko, wahusika, dhamira, migogoro na mazungumzo. Tukifika kwenye mwanga, tunatosheka na sentensi moja: kwamba giza linaashiria uovu, au kwamba giza linajenga taharuki. Sentensi hiyo haina kosa, ila haituambii lolote, maana inaweza kuandikwa juu ya filamu yoyote iliyopigwa baada ya jua kutua. Ni sawa na mhakiki wa utenzi anayetaja kuwa shairi lina vina na mizani, kisha akaendelea na mambo mengine kana kwamba vina na mizani ni mapambo ya ukutani.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba giza la filamu huwa limeundwa, na kwamba namna lilivyoundwa ni sehemu ya maudhui. Tutaanza kwa kueleza kwa ufupi mambo ya kiufundi ambayo mhakiki anapaswa kuyajua. Kisha tutatazama filamu tatu: Barry Lyndon (1975) ya Stanley Kubrick, iliyopigwa kwa filamu ya selulosi na ambayo tunaitumia kama kipimo cha kulinganishia, Collateral (2004) ya Michael Mann, mojawapo ya filamu za mwanzo za Hollywood kutumia kamera za dijitali ili kunasa usiku wa jiji, na Moonlight (2016) ya Barry Jenkins. Hoja yetu kuu ni kwamba swali linalofaa kuulizwa kuhusu mandhari ya mwanga haba ni hili: mpigapicha amelipa kwa kitu gani ili aone gizani, na ni nani aliyebebeshwa gharama hiyo?

2.0 Sarufi ya Mwanga Haba

Tundu la lenzi hufanya kazi ya mboni ya jicho: hupanuka gizani na kusinyaa penye mwanga mwingi. Upana wake huelezwa kwa namba ya f, ambayo hupatikana kwa kugawa urefu wa fokasi wa lenzi kwa kipenyo cha tundu. Lenzi ya milimita 50 iliyofunguliwa hadi f/2 ina tundu la milimita 25. Hivyo basi, kadiri namba inavyopungua ndivyo tundu linavyopanuka. Kutoka f/2.8 hadi f/2, au kutoka f/2 hadi f/1.4, mwanga unaoingia huongezeka maradufu. Hatua hiyo moja wapigapicha huiita stopu.

Mpigapicha anayekabiliwa na giza ana njia nne za kujikwamua. Ya kwanza ni kupanua tundu la lenzi. Akifanya hivyo, kina cha fokasi hupungua: uso utaonekana wazi, lakini kilicho mbele na nyuma yake kitayeyuka. Ya pili ni kuiacha shata wazi kwa muda mrefu zaidi. Kwa kawaida, filamu ya picha 24 kwa sekunde huipa kila picha sehemu 1/48 ya sekunde. Akiongeza muda huo hadi 1/24 anapata stopu moja zaidi, ila kila kinachokwenda kitaacha mkia wa ukungu nyuma yake. Ya tatu ni kukuza ishara ya kihisi, yaani kupandisha kiwango cha ISO. Hapo picha hung'aa, lakini sehemu za giza hujaa chengachenga. Ya nne ni kuongeza taa. Njia hii huonekana kuwa rahisi kuliko zote, lakini nayo ina gharama yake: usiku uliokuwapo mahali pale huondoka, na pahali pake hushikwa na usiku wa kutengenezwa.

Kuna jambo la tano ambalo ni mahususi kwa teknolojia ya dijitali. Filamu ya negativu huvumilia mwanga uliozidi; sehemu zenye mwanga mkali hufifia polepole kuelekea weupe. Kihisi cha dijitali kikishajaa hukatika ghafla, na taa ya barabarani hugeuka kuwa doa jeupe lisilo na chochote ndani yake. Kwa sababu hiyo, mpigapicha wa negativu alizoea kupima akizingatia vivuli, ilhali mpigapicha wa dijitali hulazimika kuzilinda taa kwanza na kuviacha vivuli vijitafutie riziki yao. Badiliko hili dogo la desturi lina athari kubwa usiku, kwa kuwa huamua ni nini kitakachohifadhiwa: chanzo cha mwanga au mtu anayemulikwa.

Tunachotaka msomaji akishike ni kwamba hakuna njia ya bure. Kila njia hulipiwa kwa kina, kwa mwendo, kwa usafi wa picha au kwa uhalisi wa mahali.

3.0 Kielelezo cha Kale: Mshumaa wa Kubrick

Katika Barry Lyndon, Kubrick na mpigapicha wake John Alcott walitaka mandhari ya ndani ya karne ya 18 yamulikwe kwa mishumaa peke yake. Walitumia lenzi ya Zeiss ya milimita 50 yenye f/0.7, iliyokuwa imetengenezwa kwa ajili ya shughuli za shirika la anga la Marekani, NASA. Kamera ya Mitchell ilibidi ifanyiwe marekebisho na Ed DiGiulio ili iweze kuibeba. Lenzi ya f/0.7 huingiza mwanga mara nne zaidi ya ile ya f/1.4. Hata hivyo, haikutosha. Filamu yenye wepesi wa 100 ilisafishwa kwa namna ya kuifanya iwe kama 200.

Malipo yalitolewa kwa kina. Kina cha fokasi kilikuwa chembamba kiasi kwamba mwigizaji akiinama mbele kidogo hutoka katika ukali wa picha, na ilibidi kamera ya pili ya video iwekwe ubavuni ili kusaidia kupima umbali wake. Tazama basi mandhari ya meza ya karata, ambapo Barry na Lady Lyndon wanatazamana kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu. Hakuna anayesogea ila kwa taratibu sana. Mhakiki wa msuko atasema kwamba hii ni picha ya jamii ya makabaila iliyofungwa na adabu. Ni kweli. Lakini adabu hiyo haikuandikwa katika mazungumzo. Imelazimishwa na lenzi. Mwili wa mwigizaji umefungwa katika unene wa sentimita chache, na mtazamaji anauhisi mfungo huo bila kujua ulikotoka. Katika mfano huu, kikwazo cha kiufundi kimegeuzwa kuwa maana, kama vile mshairi stadi anavyokigeuza kikwazo cha kina kuwa neno ambalo asingelifikia pasipo kina hicho.

4.0 Collateral: Jiji Linaloonekana Lisiloona

Collateral husimulia usiku mmoja wa Max, dereva wa teksi mjini Los Angeles, anayelazimishwa kumwendesha Vincent, muuaji wa kukodiwa, kutoka mauaji moja hadi mengine. Mann na wapigapicha wake, Paul Cameron na Dion Beebe, walitumia kwa sehemu kubwa kamera za dijitali, Viper ya Thomson na F900 ya Sony, na kwa baadhi ya mandhari wakatumia filamu ya milimita 35. Kwa kazi hiyo wawili hao walipata tuzo ya BAFTA ya upigaji picha.

Sababu ya uchaguzi huo inafahamika: kamera hizo ziliweza kunasa mng'ao wa taa za sodiamu unaorudishwa na mawingu ya chini juu ya jiji, mng'ao ambao filamu ya wakati huo ingeugeuza kuwa weusi mtupu. Lakini kuna tokeo jingine ambalo wahakiki hawalitaji sana. Kihisi cha kamera hizo kilikuwa kidogo, chenye mshazari wa takriban milimita 11, ilhali fremu ya filamu ya milimita 35 ina mshazari unaokaribia mara mbili na nusu ya huo. Kwa upana uleule wa mandhari, kihisi kidogo huhitaji lenzi fupi zaidi, na lenzi fupi huwa na kina kirefu cha fokasi. Tundu la f/2 kwenye kamera ya aina hiyo hutoa kina kinacholingana na takriban f/5 kwenye fremu ya milimita 35. Kwa maneno mengine, Mann aliweza kulipanua tundu apendavyo na bado asilipoteze jiji.

Hapa ndipo tofauti yake na Kubrick inapojitokeza. Mshumaa wa Kubrick unamtenga mtu na ulimwengu. Nyuma ya uso kuna ukungu wa dhahabu. Katika Collateral, nyuma ya kichwa cha Max kuna barabara, matangazo, minazi, magari na madirisha ya maghorofa, na vyote vinasomeka. Maudhui ya filamu yanadai jambo hilohilo. Mapema katika safari yao, Vincent anamsimulia Max kisa cha mtu aliyefia katika treni ya jiji, akazungushwa kwa saa nyingi bila abiria yeyote kugundua kwamba amekaa na maiti. Mwishoni Vincent mwenyewe anafia katika treni hiyo. Jiji zima linaonekana katika filamu hii, nalo halimwoni mtu. Lau mandharinyuma yangeyeyushwa na lenzi ya kina kifupi, kisa cha treni kingebaki kuwa hadithi ndani ya hadithi. Kina kirefu kimekifanya kiwe hali ya kila picha.

Chukua pia mandhari ya ofisini, ambapo Vincent amekata umeme ili amsake Annie. Kipimo cha mwanga kimewekwa kwa ajili ya taa za jiji zilizo nje ya vioo, si kwa ajili ya watu walio ndani. Muuaji anabaki kuwa umbo jeusi linalokatiza taa za mbali. Tunamtambua kwa kile anachokiziba. Uamuzi wa kuzilinda taa na kuwaacha watu, tuliouita desturi ya dijitali, umekuwa hapa njia ya kusema kwamba jiji litaendelea kuwaka hata kama waliomo wataangamia. Dhidi ya usiku huu wote kuna picha moja ndogo ya mchana: kadi ya visiwa vya Maldives ambayo Max huiweka katika teksi yake, na ambayo anampa Annie kabla ya balaa kuanza. Kuanzia hapo, mwanga wa jua umetolewa katika gari.

Malipo ya Mann hayakuwa ya kina, bali ya usafi wa picha. Anga ina chengachenga, na baadhi ya picha zinafanana na taarifa ya habari ya televisheni. Hatudai kwamba kila chenga ina maana. Zipo picha ambazo tunaona kuwa zimedhoofishwa nazo bila faida. Tunachodai ni kwamba mhakiki anayezilaumu picha hizo anapaswa kujua ni nini kilichonunuliwa kwa bei hiyo kabla ya kusema kwamba bei ilikuwa ghali.

5.0 Nyuso Mbili, Kipimo Kimoja

Hadi hapa tumezungumza kuhusu gharama kana kwamba huangukia picha nzima kwa usawa. Haiwi hivyo. Ndani ya teksi ya Collateral wameketi watu wawili: Max, Mmarekani mweusi anayeigizwa na Jamie Foxx, na Vincent, mzungu mwenye mvi na suti ya kijivu, anayeigizwa na Tom Cruise. Wakimulikwa na taa moja, nyuso zao huakisi viwango tofauti vya mwanga, na tofauti baina ya ngozi nyeupe na ngozi nyeusi sana inaweza kufika stopu mbili. Kamera ina tundu moja. Ni lazima mtu achague uso upi uwe kipimo cha mwingine.

Kwa miongo mingi, uchaguzi huo ulikuwa umeshafanywa kiwandani. Kadi za kusawazishia rangi ambazo Kodak ilizisambaza kwa maabara za picha zilibeba sura ya mwanamke mzungu, na zikajulikana kama kadi za Shirley. Mtafiti Lorna Roth, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2009, alionyesha jinsi kadi hizo zilivyoifanya ngozi nyeupe kuwa kawaida ambayo ngozi nyingine zote zilipimwa kwayo. Usiku ndipo madhara yalipozidi, kwa kuwa penye mwanga haba hapana akiba: uso mweusi uliopimwa kwa kawaida ya uso mweupe hubaki macho na meno. Huo si upungufu wa ngozi, ni upungufu wa kipimo. Na mtazamaji anayeoneshwa kwa miaka mingi watu weusi wasio na nyuso anafundishwa jambo ambalo halimo katika mazungumzo ya filamu yoyote.

Cameron na Beebe walilishughulikia tatizo hili kwa kubandika ndani ya teksi vipande vyembamba vya taa za kielektroluminesensi, karibu na abiria na dereva. Uzuri wa chanzo kipana, laini na cha karibu ni kwamba hakitegemei wingi wa mwanga. Ngozi nyeusi huakisi kama uso wa maji: hurudisha umbo la chanzo chenyewe kwenye paji, kwenye mfupa wa shavu na kwenye taya. Uso wa Max unachorwa na miako hiyo, wala hauhitaji kufuliwa kwa taa ili ulingane na wa Vincent.

Kanuni hii ndiyo iliyofikishwa mbali zaidi katika Moonlight. Filamu hiyo inatokana na kazi ya Tarell Alvin McCraney ambayo anwani yake inawataja wavulana weusi wanaoonekana buluu katika mwanga wa mwezi. Yaani suala la namna ngozi inavyopokea mwanga limo ndani ya kiini cha bunilizi tangu mwanzo. Mpigapicha James Laxton alitumia kamera ya Alexa ya Arri, yenye kihisi kikubwa kinachokaribia fremu ya milimita 35 na wepesi wa msingi wa 800. Badala ya kujaza vivuli ili kila kitu kionekane, aliviacha viwe vizito. Nyuso za waigizaji ziliachwa ziwe na unyevu na mafuta, kinyume cha desturi ya kuzipaka poda inayofisha mng'ao. Katika mandhari ya ufukweni usiku, Chiron na Kevin hawaonekani kikamilifu, nasi hatuhitaji waonekane hivyo. Mkono unaoshika mchanga unatosha. Giza hapa ni sitara; linawapa vijana wawili faragha ambayo mchana, shule na mtaa vimewanyima.

Hivyo basi, giza lilelile ambalo katika filamu za zamani lilimfuta mtu mweusi, katika filamu hii linamhifadhi. Kilichobadilika si kiasi cha giza, bali ni uso uliotumiwa kuwa kipimo.

6.0 Pingamizi

Yamkini msomaji atapinga kwamba tunawapa mafundi sifa ya wasanii. Kwamba f/2 huchaguliwa kwa sababu bajeti ni ndogo, taa hazipo, au lenzi nyingine imeharibika. Hatukatai. Lakini riwaya nayo hukatwa sura na mchapishaji kwa sababu ya bei ya karatasi, na bado tunahakiki riwaya iliyotufikia. Maana ya picha haitegemei nia peke yake. Hutegemea kile ambacho picha inafanya mbele ya hadhira.

Aidha, pingamizi hilo linazidi kupoteza nguvu. Kamera kama VariCam 35 ya Panasonic, iliyotoka mwaka 2014, ina viwango viwili vya msingi vya wepesi, 800 na 5000. Venice ya Sony, iliyotangazwa mwaka 2017, ina 500 na 2500. Kwa vifaa vya namna hii, mpigapicha anaweza kupiga barabara ya usiku kwa f/1.4 au kwa f/4 na apate picha safi kwa vyote viwili. Kubrick alilazimika, huyu halazimiki. Akiendelea kutumia kina kifupi na kuyeyusha mtaa nyuma ya mhusika wake, hawezi tena kusingizia giza. Ameamua kwamba mtaa hauna la kusema. Ulazima ukiondoka, uchaguzi hubaki peke yake, na uchaguzi ndio uwanja wa mhakiki.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba tundu la lenzi, shata, wepesi wa kihisi na mahali pa taa ni vipengele vya fani vinavyobeba maudhui, na kwamba katika mandhari ya mwanga haba vipengele hivi hulazimika kushindana. Kutokana na hayo tunapendekeza maswali manne yatakayomfaa mwanafunzi anayehakiki mandhari ya usiku. Je, kina cha fokasi kinamuunganisha mhusika na mazingira yake au kinamtenga? Kipimo kimewekwa kwa ajili ya nini: taa, uso au kivuli? Penye nyuso zaidi ya moja, ni uso wa nani uliofanywa kipimo cha nyingine? Na picha imelipa kwa nini: kwa kina, kwa mwendo, kwa chengachenga au kwa uhalisi wa mahali?

Maswali haya hayahusu Los Angeles na Miami pekee. Riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute (1999), ambayo imesomwa sana katika madarasa yetu, ilitolewa kuwa filamu na Amil Shivji mwaka 2021. Bila shaka tasnifu zitaandikwa kulinganisha kazi hizo mbili, na nyingi zitaorodhesha matukio yaliyoachwa na wahusika waliopunguzwa. Kazi hiyo ina thamani yake. Lakini mwandishi wa riwaya akishaandika kwamba ni usiku, msomaji mwenyewe hulitengeneza giza kichwani mwake, na kila msomaji huziona nyuso kwa kadiri ya moyo wake. Mwongozaji hana nafasi hiyo. Ni lazima aamue, kwa namba, ni nani atakayeonekana. Tasnifu isiyouliza kuhusu uamuzi huo itakuwa imelinganisha riwaya na muhtasari wa filamu, wala si filamu yenyewe.